Programu Hupimwa kwa Pishi Gani? Maoni Juu ya Viwango vya Kimataifa na Somo la Vipimo

Mada ya vipimo hufundishwa katika skuli zetu za msingi tangu madarasa ya chini hadi ya juu, na aghalabu hufundishwa vibaya. Mtoto hutakiwa kubadili sentimita kuwa mita, gramu kuwa kilo na lita kuwa mililita; akapata kumi kwa kumi, na bado asijue kwa nini kitambaa hupimwa kwa urefu, mchele kwa uzito na mafuta ya taa kwa ujazo. Hajaulizwa hata siku moja ni kitu gani hasa kinachopimwa, wala ni nani waliokubaliana kukipima hivyo. Makala haya yanakusudia kuwashawishi wanachuo kwamba swali hilo laweza kufundishwa, na kwamba kitu kinachofaa sana kulifundishia ni kile kisicho na urefu, uzito wala ujazo: programu ya kompyuta.

Najua kwamba baadhi ya wenzangu wataona jambo hili ni la wahandisi, wala halimhusu mwalimu wa darasa la tano. Sikubaliani nao. Programu za kutunza mahudhurio na alama za wanafunzi zimekwisha kuingia katika skuli, na siku itafika ambapo mwalimu aliyehitimu juzi ataitwa katika kikao kusikiliza fundi akitaja bei. Fundi atasema, "Programu hii ni kubwa." Kubwa kwa pishi gani? Mnunuzi wa mchele pale Darajani huiona mizani kwa macho yake, na akishuku hupima tena kwa jirani. Mnunuzi wa programu haoni kitu ila kioo chenye mwangaza, na hapo bei huwa ni ya kukisia kwa pande zote mbili. Wengi wetu tumelelewa katika dini ambayo sura ya 83 ya kitabu chake imepewa jina la wale wapunjao katika vipimo. Yatupasa basi kujua kama kipimo cha kitu hiki kipo, na kama kipo, kina thamani gani.

Kipimo kipo, tena si kimoja. Kabla ya kuvieleza vipimo hivyo, natuanze na tunachokijua sisi wenyewe.

Watu wa Unguja na Pemba hawana haja ya kufundishwa kwamba mali moja yaweza kupimwa kwa njia mbili, na zote mbili zikawa za haki. Karafuu ni ushahidi. Mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa ujazo wa karafuu mbichi alizochuma. Mwenye shamba, apelekapo karafuu kavu katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, hulipwa kwa kilo. Pishi hupima kazi ya mikono. Kilo hupima mali iliyobaki baada ya jua kufanya kazi yake. Ambaye angetaka kumlipa mchumaji kwa kilo za karafuu kavu angemtwika hasara ya mvua iliyonyesha juu ya majamvi wakati yeye amekwisha kwenda zake. Kosa halingekuwa katika mizani, bali katika kuchagua kipimo kisicholingana na jambo linalolipiwa.

Tunajua pia kwamba jina la kipimo peke yake halitoshi. Frasila ya Unguja ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Lakini jina hilo hilo lilitumika katika bandari nyengine za Bahari ya Hindi na Bahari ya Sham kwa uzito tofauti. Mfanyabiashara aliyekubaliana bei ya frasila bila ya kutaja ni frasila ya wapi alikuwa hajakubaliana chochote.

Sasa tuiendee programu. Kipimo cha kwanza kilichotumiwa na waandishi wa programu kilikuwa kuhesabu mistari waliyoiandika. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha anaijua kasoro ya kipimo hiki. Waambie watoto waandike kurasa mbili: mmoja atakuza herufi, mwengine ataacha nafasi pana kati ya maneno, wa tatu atarudia sentensi ya mwanzo kwa maneno mengine; na yule mwenye akili ya kusema jambo kwa ufupi ndiye atakayeonekana mvivu. Katika programu ni hivyo hivyo. Kazi moja huchukua mistari mingi katika lugha moja ya kompyuta na michache katika nyengine, na fundi hodari apunguzaye mistari huonekana ametoa kitu kidogo. Zaidi ya hayo, mistari haiwezi kuhesabiwa mpaka kazi imekwisha, na mnunuzi alikitaka kipimo kabla ya kuanza. Ni kama fundi cherehani anayekupima baada ya kushona kanzu.

Mnamo mwaka 1979, Allan Albrecht wa kampuni ya IBM nchini Marekani alitoa njia iliyoligeuza swali. Badala ya kuuliza fundi ameandika nini, aliuliza mtumiaji ameomba afanyiwe nini. Katika umbo lake lililokamilika miaka ya 1980, njia hiyo huhesabu mambo ya aina tano: taarifa ziingiazo, ripoti zitokazo, maulizo, mafaili yanayotunzwa na programu yenyewe, na mafaili ya programu nyengine ambayo hii huyasoma tu. Kila moja hupewa uzito kwa kadiri lilivyo jepesi, la kati au gumu. Taarifa iingiayo hupata 3, 4 au 6. Faili linalotunzwa hupata 7, 10 au 15. Jumla huitwa pointi za kazi. Mwaka 1986 kiliundwa chama cha kimataifa cha watumiaji wa njia hii, kijulikanacho kwa herufi IFPUG, nacho ndicho kinachoitunza hadi leo.

Hapa pana jambo ambalo kila mwalimu apaswa kulitazama kwa makini. Watu wa pointi za kazi walizoea kuchukua jumla hiyo na kuirekebisha kwa kutazama mambo 14 mengine, mathalan kasi inayotakiwa, urahisi wa kutumia, na ugumu wa hesabu zilizomo. Marekebisho hayo yaliweza kuipandisha au kuishusha jumla kwa asilimia 35. Viwango vya kimataifa vilipokuja, marekebisho hayo yaliachwa nje: kiwango ISO/IEC 20926 kilichotolewa mwaka 2003 kilizipokea pointi za IFPUG bila ya marekebisho. Sababu yake twaijua vizuri katika chumba cha walimu. Mwalimu anayeongeza alama tatu za unadhifu wa daftari ndani ya alama za hesabu ameziharibu zote mbili. Mtoto aliyepata 68 hatujui tena kama anajua kugawanya au ana mwandiko mzuri. Unadhifu upimwe, tena kwa bidii, lakini uwe na safu yake. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofanywa na waandishi wa viwango hivi.

Uamuzi huo ulitokana na kiwango kilichotangulia, ISO/IEC 14143, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1998. Chenyewe hakipimi programu. Ni kipimo cha vipimo. Kinaeleza kwamba ukubwa wa kazi ya programu ni ule utokanao na mahitaji ya mtumiaji kuhusu kazi anazotaka zifanywe, na kwamba ukubwa huo usitegemee lugha iliyoandikiwa programu, mashine itakayoiendesha wala ustadi wa fundi. Sehemu nyengine zake huelekeza namna ya kuichunguza njia yoyote inayodai kupima ukubwa huo. Njia tano zijulikanazo zaidi zilipata nambari za ISO kwa msingi huo: ile ya IFPUG, Mark II ya Uingereza, NESMA ya Uholanzi, FiSMA ya Ufini, na COSMIC, ambayo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo ninayoiona kuwa bora kwa mwalimu.

Kundi la COSMIC liliundwa mwaka 1998, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo Alain Abran wa Kanada na Charles Symons wa Uingereza, aliyekwisha kubuni njia ya Mark II. Kiwango chake, ISO/IEC 19761, kilitolewa mwaka 2003 na kurudiwa mwaka 2011. Msingi wake ni mwepesi kuelezeka. Programu haifanyi ila kupitisha habari: habari huingia kutoka kwa mtumiaji, hutoka kwenda kwake, husomwa kutoka katika hifadhi, au huandikwa katika hifadhi. Kila mpito mmoja wa fungu moja la habari ni pointi moja. Hakuna 3, 4 au 6. Kuna moja tu, na moja na moja ni mbili.

Tuchukue daftari la mahudhurio lililofanywa programu, lenye kazi nne. Kumsajili mwanafunzi mpya: maelezo yake yanaingia, programu inasoma kuhakikisha nambari yake haijatumika, inaandika, kisha inatoa ujumbe kuwa imekubali au imekataa. Hizo ni 4. Kutia alama ya mahudhurio: alama inaingia, jina linasomwa, mahudhurio yanaandikwa, ujumbe unatoka, 4 nyengine. Kuuliza habari za mwanafunzi mmoja: nambari inaingia, habari zinasomwa, zinatoka, na ujumbe unatoka iwapo hakupatikana, 4 tena. Ripoti ya mwezi: mwezi unaingia, wanafunzi wanasomwa, mahudhurio yanasomwa, safu ya kila mwanafunzi inatoka, jumla ya darasa inatoka, na ujumbe, 6. Jumla ni pointi 18 za COSMIC.

Kwa njia ya IFPUG, daftari hilo hilo lina faili moja jepesi, 7. Taarifa mbili nyepesi ziingiazo, 3 na 3. Ulizo jepesi, 3. Na ripoti nyepesi yenye hesabu ya jumla, 4. Hizo ni 20. Ishirini na kumi na nane zakaribiana, na hapo mwanachuo mwenye haraka atasema njia hizi ni sawasawa. La hasha. Yadi na mita pia zakaribiana, na bado muuza vitambaa anayezichanganya atafilisika au atafilisi. Ndiyo maana kanuni za COSMIC hutaka kila jumla iandikwe pamoja na jina la kipimo na toleo la kanuni zilizotumika. Sisi humkata mtoto alama anapoandika "18" bila ya kusema 18 ni nini, naye hudhani ni ukali wa mwalimu. Aambiwe kwamba mwezi wa Septemba 1999 Marekani ilikipoteza chombo cha angani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa nambari za msukumo kwa vipimo vya ratili na nyengine ikazipokea kana kwamba ni za newtoni.

Tuzichokonoe sasa njia hizi mbili ili tuone zinapopungukiwa. Daftari letu likiongezwa maelezo ya mwanafunzi kutoka manane hadi kumi na manne, mathalan jina la mlezi na shehia anayotoka, hakuna hata moja kati ya jumla hizo itakayosogea. Hilo halinisumbui, kibaba nacho hakihisabu punje. Linalonisumbua ni dari. Katika IFPUG taarifa iingiayo haizidi 6 hata iwe imegusa mafaili matatu au kumi. Kadhalika, ule mruko wa 3, 4, 6 ulitokana na mijadala na majaribio ya IBM, na hakuna anayeweza kumwonyesha mtoto kwa nini si 3, 5, 7. COSMIC haina dari, na kizio chake mtoto anaweza kukionyesha kwa kidole.

Lakini COSMIC nayo ina upofu wake, nao si mdogo. Fikirini programu ya nyakati za sala. Mtumiaji anatia tarehe na mahali. Programu inapiga hesabu za mwendo wa jua, ambazo mabingwa wa falaki walizihangaikia kwa karne nyingi. Kisha inatoa nyakati tano. Kwa COSMIC: habari zinaingia, moja, nyakati zinatoka, moja, ujumbe wa kosa, moja. Jumla 3. Kumsajili mtoto wa darasa la kwanza ni 4! Kwa hiyo kwa kiwango cha kimataifa kusajili mtoto ni kazi kubwa kuliko kupatanisha jua na adhana. Anayeona hapo kiwango kimekosea hajaelewa. Kiwango kilisema tangu mwanzo kwamba kinapima habari zipitazo, hakikuahidi kupima ugumu wa hesabu iliyo ndani. Anayekosea ni yule atakayemlipa fundi wa programu ya sala kwa pointi hizo tatu akadai ametumia kipimo cha haki. Ni yule yule wa kilo za karafuu kavu.

Na bei ni mtihani wa kipimo chochote. Nchini Brazili serikali kuu imekuwa ikitumia pointi za kazi katika mikataba mingi ya kutengenezewa programu, na faida yake ni ya wazi: pande mbili zina jambo la kubishania lililo nje ya ulimi wa muuzaji. Ila mtu akilipwa kwa pointi, pointi huongezeka. Itapendekezwa ripoti isiyosomwa na mtu, au kazi moja itakatwa vipande viwili. Sisi walimu tusiwashangae mafundi kwa hilo. Tumeona skuli zikipangwa kwa wastani wa mtihani, na tumeona wanafunzi dhaifu wakishauriwa kukariri darasa ili wastani usishuke. Kwa hiyo skuli inayonunua programu na idai pointi ziandikwe katika karatasi ya makubaliano, na mwalimu mmoja azihesabu mwenyewe kabla ya kutia saini, huku akiuliza juu ya kila ripoti: nani ataisoma?

Wapo watakaouliza kwa nini tufuate kiwango kilichoandikwa na watu wa mbali. Swali ni la haki, na sisi wa Unguja tuna jibu la nyumbani. Mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kukisimamia. Mzee wa Makunduchi hakupungukiwa na lugha siku ile. Lahaja yake ilibaki kamili kama ilivyokuwa, wala haikuthibitishwa kwamba maneno ya Mji Mkongwe ni ya kweli kuliko ya kwake. Yalikuwa makubaliano, nayo yalileta faida ya kuchapisha kitabu kimoja kikasomwa Tabora na Lamu. Makubaliano ya ISO ni ya namna hiyo. Tuyapokee kwa faida yake, na mahali panapotufaa pishi tuendelee na pishi.

Ama kuhusu kufundisha, somo hili halihitaji kompyuta. Linahitaji ubao, chaki na kadi chache, nalo linafaa darasa la tano au la sita baada ya watoto kupima madawati kwa shibiri na kugundua kwamba shibiri ya mwalimu si ya mtoto. Chora mraba katikati ya ubao, uuite programu. Kushoto chora mtu; chini yake chora sanduku, ndiyo hifadhi. Mwite mtoto mmoja awe karani, mwengine awe programu, wa tatu akae chini na sanduku la kadi. Karani anatoa kadi ya mwanafunzi mpya, programu anamwuliza wa sanduku kama jina hilo lipo, anajibiwa, anaikabidhi kadi, kisha anamwambia karani, "Nimekubali." Kila mpito uchorwe mshale. Darasa lihesabu mishale, lakini swali na jibu lake kwa mwenye sanduku ni mshale mmoja, kusoma.

Nililifanya zoezi hili na wanachuo, na kundi moja likapata 4, jengine 3. Kundi la pili lilikuwa limeacha neno la "nimekubali", kwa hoja kwamba ni adabu tu, si kazi. Mabishano yaliendelea hadi kengele, na sikuyakatiza. Hatimaye wao wenyewe waliandika ubaoni kanuni ya kuhesabu ujumbe mmoja kwa kila kazi, nayo ndiyo kanuni ya COSMIC. Mwalimu akitoa jibu mapema, somo limekufa. Watoto watahesabu mishale kama wanavyobadili sentimita.

Kwa wiki ijayo wanachuo wachukue daftari la kuazimia vitabu katika maktaba ya chuo na wahesabu kazi moja tu: msomaji kuazima kitabu. Wapo watakaopata 5 na wapo watakaopata 6, kwa kadiri watakavyoamua juu ya msomaji mwenye kitabu kilichopitiliza siku. Kila mmoja aorodheshe mishale yake chini ya jibu kabla ya kuleta kusahihishiwa.